Kiuno cha Devastator

Mali pekee ya utotoni iliyonusurika kuhama kwetu kote, Magomeni hadi Mbagala, Mbagala hadi Kigamboni, ni kiuno. Ni cha plastiki, rangi ya kijani iliyoanza kufifia, na makazi yake ni droo ya kabati la vyombo, pamoja na vifungo vya mashati, chaja zilizokufa na risiti za maji. Mke wangu, Mama Rukia, kila akifanya usafi hukishika kwa vidole viwili na kukielekeza kwenye takataka, na kila mara mimi huingilia kati. Kiuno hiki kina jina. Kinaitwa Long Haul. Ukikiacha kilivyo ni tipa la kubebea kifusi. Ukikikunjua ni roboti. Ukikikunja namna nyingine na kukiunganisha na wenzake watano, kinakuwa kiuno cha jitu liitwalo Devastator, ambalo katika katuni ya Transformers hubomoa chochote kilichosimama mbele yake.

Hao wenzake watano sinao. Sijawahi kuwa nao.

Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi Muscat, na katikati ya miaka ya themanini alikuja likizo na masanduku yaliyofungwa kamba. Mama alipata seti ya vikombe, bibi akapata udi na mafuta, baba akapata saa yenye tarehe kwa Kiarabu ambayo hakuwahi kuirekebisha, nami nikapata Long Haul. Mjomba alisimulia kwamba dukani walikuwa wamepangwa sita, kila mmoja kwenye pakiti yake, wote kijani na zambarau. "Niliona ni kitu kilekile," alisema. "Nikachukua tipa, maana tipa lina faida."

Mjomba alikuwa mtu wa hesabu, lakini siku hiyo alikutana na wenye hesabu kali kuliko zake. Hasbro, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza midoli hiyo, ilikuwa imelikata jitu vipande sita na kuuza kila kipande peke yake. Hook, ambaye ni winchi, ndiye kifua. Bonecrusher, buldoza, ni mkono wa kushoto. Scavenger, eskaveta, ni mkono wa kulia. Scrapper, shoveli, ni mguu wa kulia, na Mixmaster, gari la zege, ni mguu wa kushoto. Mzazi aliyenunua mmoja alikuwa amejinunulia deni la watano. Kiuno kilinifikia mimi. Watu wa Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni, walioajiriwa kuwaandikia midoli wasifu walimfanya Long Haul mnung'unikaji, roboti asiyeipenda kazi yake ya kubebea wenzake mizigo. Tulielewana tangu siku ya kwanza.

Mtaani kwetu Juma naye, ambaye baba yake alikuwa baharia, akaletewa Mixmaster. Tukawaunganisha. Jitu letu lilianzia kiunoni na kuishia kwenye unyayo mmoja. Kusimama halikuweza, kwa hiyo katika vita vyetu vyote Devastator alianza kuanguka kabla vita havijaanza, na kazi ya adui ilikuwa kukaa mbali asije akaangukiwa.

Ukifuatilia ukoo wa roboti hawa unafika Japani. Kampuni ya Takara ilikuwa na midoli ya namna mbili. Kulikuwa na Diaclone, magari na mitambo yenye viti vya madereva wadogo wa plastiki, na kulikuwa na Micro Change, vitu vya nyumbani vinavyogeuka roboti vikiwa na ukubwa wake halisi. Mwaka 1984 Hasbro wakavichukua vyote, wakavimwaga kapu moja, wakasema hili ni taifa. Ndiyo maana Optimus Prime ni lori kubwa la mizigo, adui yake Megatron ni bastola aina ya Walther P38, na msaidizi wa Megatron, Soundwave, ni redio ndogo ya kaseti. Lori, bastola na redio, na wote wakisimama wanatazamana ana kwa ana. Bob Budiansky, mhariri wa Marvel aliyewapa wengi wao majina, amesimulia kwamba Hasbro walilisitia jina la Megatron wakiona linatisha mno. Akawakumbusha kwamba huyo ndiye jambazi mkuu. Asipotisha yeye, atishe nani?

Septemba 1984 ikaanza katuni. Kila sehemu ilikuwa ya dakika ishirini na kitu, na ukiwa mkweli utakiri kwamba zote zilikuwa matangazo ya duka. Sehemu iliyofunga msimu wa kwanza, Desemba mwaka huohuo, inaitwa "Heavy Metal War". Kazi yake ilikuwa kuwatambulisha Constructicons, hao sita wa kijani, kabla hawajajaa madukani. Hiyo ndiyo sehemu yangu. Nimeipenda maisha yangu yote, na mpaka mwaka huu sikuwahi kuuona mwisho wake.

Kwa waliozaliwa juzi: Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973, tena cha rangi, na binamu zetu wa Ng'ambo hawakuruhusu tusahau. Huku kwetu televisheni ilikuwa kioo cha kuonyeshea deki, basi. Nyumba yenye deki ilikuwa ya Mzee Kondo, na kiingilio chake kilikuwa kunawa miguu. Mjomba alikuwa amekuja pia na mkanda wa Transformers, akauacha pale kwa sababu sisi deki hatukuwa nayo, na tangu hapo ukawa mali ya umma.

Mtafsiri alikuwa Kaka Shabani, mtoto mkubwa wa Mzee Kondo. Hii ilikuwa miaka mingi kabla Lufufu hajatawala vibanda vya video kwa kuzisimulia filamu za nje kwa Kiswahili. Lufufu alikuwa msanii. Sifa ya Kaka Shabani ilikuwa kwamba deki ni ya kwao. Kiingereza chake kilitosha kusoma maandishi ya kwenye kopo la maziwa, na mahali kilipoishia alijazia na mambo aliyoyajua vizuri, yaani mambo ya nyumba za kupanga. Kwa maelezo yake, Optimus Prime ni mpangaji. Megatron ni mwenye nyumba anayetaka kuongeza kodi katikati ya mwaka. Starscream, yule mwenye sauti ya kukwaruza, ni mdogo wake Megatron anayetaka kuuza nyumba kwa siri. Vita vyote vya Cybertron, sayari ya roboti hao, kwa hiyo, vilitokana na choo cha uani.

Tulipofika "Heavy Metal War" akatueleza kwamba Megatron amechoka na kesi, anataka mambo yaishe leo: yeye na Optimus wapigane wawili tu, na atakayeshindwa ahame na vyombo vyake vyote. Sasa nimeitazama kwa akili ya mtu mzima, na lazima nimpe Kaka Shabani haki yake. Hapo hakukosea sana. Kweli Megatron anamwita Optimus kwenye pambano la wawili, na kweli masharti ni kwamba upande wa atakayeshindwa uondoke duniani, jeshi zima, ukaishi uhamishoni angani.

Tukashangilia kabla ya muda. Kila mtoto alijua sheria ya filamu: steringi hapigwi. Anaweza kuchubuliwa, anaweza kutokwa damu kidogo kwenye kona ya mdomo ili adui afurahi, lakini hapigwi. Optimus Prime akapigwa. Akapigwa mpaka akashindwa, waziwazi, mbele ya watu wake. Kisha Autobots, jeshi lake, wakaanza kujiandaa kuondoka, kwa sababu ahadi ni ahadi.

Hapo picha ikakwaruza, mistari myeupe ikapanda na kushuka, na ikaingia taarabu. Akatokea bibi harusi amekaa kwenye kiti chenye maua ya karatasi, macho chini, mama mmoja akimfuta jasho.

Mtu fulani alikuwa ameziba kwa selotepu lile tundu la mgongoni mwa kaseti, lile lenye kazi ya kuzuia mkanda usirekodiwe upya, na amerekodi juu yake harusi ya dada wa Kaka Shabani. Watoto tukanyamaza. Kaka Shabani hakunyamaza, maana mtafsiri akinyamaza ndiyo mwisho wa heshima yake. "Huyu," alisema, "ni binti wa Megatron. Anaolewa kwa sababu nyumba imepatikana."

Tuliutazama mkanda ule tena na tena, na kila mara uliishia ukumbini. Harusi ilikuwa ndefu kuliko vita. Baada ya muda tuliwajua mashangazi wa bwana harusi kwa majina na kwa namna walivyokuwa wakitunza. Ndoa yenyewe ilivunjika kabla mkanda haujaanza kuchakaa, jambo ambalo Juma hakuwasamehe kamwe wahusika. Alikuwa akisema kama wangejua hawatadumu, wangerekodia kwenye mkanda wa karate.

Kila mmoja wetu akajitungia mwisho. Juma alisema Optimus alirudi usiku na kuwachoma wote. Mwingine alisema alipata kazi Uarabuni. Mimi nilishikilia kwamba Devastator aligoma kwa sababu kiuno chake kilikuwa kimechoka, lakini nilikuwa na maslahi katika shauri hilo.

Sasa tuje Jumamosi moja ya mwaka huu. Rukia, ambaye anajua kuipata filamu yoyote ilipojificha duniani, aliniuliza ninataka nini cha siku ya kuzaliwa. Nikamwambia. Akaipata kabla sijamaliza kulitamka jina. Akaunganisha simu na televisheni, Idrisa mdogo wake akaleta mto, na Mama Rukia akakubali kukaa nasi kwa sharti kwamba saa tatu kamili ingeanza tamthilia yake ya Kituruki, ambamo kuna mtu yumo kwenye koma tangu mwezi wa Ramadhani.

Ni vizuri mjue kwamba Mama Rukia ni karani wa mahakama ya mwanzo. Amekaa miaka mingi akiandika maneno ya watu waliouziana kiwanja kimoja mara tatu, na hana tena namna nyingine ya kutazama jambo. Dakika za mwanzo alivumilia. Roboti wakarushiana miale isiyompata mtu. Wachoraji walikuwa wakifanya kazi kwa haraka enzi zile, na katika mfululizo huu roboti anaweza kubadilika rangi kati ya picha na picha na kujirudia bila kuomba radhi. Kisha Megatron akawa mkononi mwa mwenzake, bastola, na ndipo Mama Rukia akaanza.

"Ngoja. Huyo bastola ndiye bosi?"

"Ndiye."

"Na yule anayetaka kumpindua ni nani?"

"Starscream."

"Na huyo bosi huwa anajigeuza bastola halafu anashikwa na huyohuyo Starscream?"

Nikasema mara nyingine ndivyo inavyokuwa. Akanitazama kwa muda, akamtazama Idrisa, akarudi kwenye kioo. "Haya. Endelea."

Umeme ukakatika. Ukarudi. Rukia akaanza upya kutafuta tulipofikia, Idrisa akimwelekeza kwa kelele, tukajikuta tumeruka mbele, tukarudi nyuma mno, tukamwona tena Megatron akitoa changamoto yake.

"Pambano hili lina mashahidi?" akauliza Mama Rukia.

Hapo nilifurahi, kwa sababu ameingia mwenyewe kwenye moyo wa hadithi. Megatron anaiba. Kabla ya pambano Decepticons, jeshi lake, wanamchangia nguvu zao, kila mmoja na uwezo wake maalumu: Skywarp, ambaye anaweza kupotea hapa na kuibuka pale, Starscream, mwenye miale ya kuzimisha mitambo, na wengineo. Anayeingia uwanjani ni mtu mmoja, lakini ndani yake kuna jeshi. Optimus anaingia na mikono yake miwili.

Na huyu Optimus ananigusa zaidi sasa kuliko utotoni. Sauti yake ni ya Peter Cullen, ambaye amesimulia kwamba aliichukua kwa kaka yake Larry, mwanajeshi aliyepigana Vietnam. Ndiye aliyemshauri kwamba shujaa wa kweli hana haja ya kupiga makelele. Kwa hiyo roboti anashindwa, anaambiwa ahame sayari, na hapazi sauti. Wanaume wa Magomeni waliokuwa wakihamishwa vyumba wakati ule walipaza sauti mpaka mtaa wa pili, na walikuwa na haki yao. Lakini mtoto anayetazama hukumbuka yule aliyefunga virago kimya.

Mwandishi wa sehemu hii ni Donald F. Glut, mtu aliyewahi kuandika kamusi nzima ya dinosaria, na inaonekana hakuweza kujizuia. Wakati wengine wako pambanoni, Constructicons wanavamia makao ya Autobots, ambayo ni chombo chao cha angani kilichokwama ndani ya volkano kwa miaka milioni nne, na huko wanakutana na Dinobots. Yaani wakubwa wawili wanapigana kwa heshima uwanjani, na nyumbani kuna dinosaria wa chuma wanapigana na mitambo ya ujenzi. Idrisa alisimama juu ya kochi. Sikumkataza.

Wakaungana. Mguu, mguu, mkono, mkono, kifua, na hapo katikati, kwa muda mfupi sana, kiuno changu.

"Huyo ni yule wa kwenye droo?" Rukia akauliza.

"Ndiye."

"Mbona ndiye wa katikati?"

Sijui kama aliuliza kwa heshima au kwa huruma, ila nilitulia kama mzazi ambaye jina la mwanawe limesomwa kwenye mahafali.

Optimus akashindwa. Autobots wakaanza kujiandaa kuondoka. Nilisogea mbele ya kiti. Tulikuwa tumefika mahali penyewe, pale ambapo kwa maisha yangu yote mistari myeupe hupanda na taarabu ikaingia. Simu yangu ikaita. Alikuwa Shangazi, kutoka Tanga.

Simu ya Shangazi haikatwi. Hilo si suala la mjadala katika ukoo wetu. Nikapokea, nikaamkia, akasema sauti haisikiki, kuna makelele, nitoke nje. Nikatoka nje. Ilikuwa ni barua ya posa iliyoandikiwa binti wa binamu yangu, na Shangazi alitaka nijue kila neno lililokuwamo, jina la kila mshenga, na mambo ambayo babu wa yule kijana aliwahi kuyafanya Pangani. Dirishani nilisikia: "Baba, kompyuta!" Kisha: "Baba, njoo, wameanza!" Kisha mlio mrefu wa Idrisa, ambao sikujua ni wa furaha au wa msiba. Nikasema, "Ndiyo, Shangazi. Naam, Shangazi. Na mahari je, Shangazi?" Sijui kilichonituma niulize mahari.

Niliporudi ndani kioo kilikuwa na mpira. Idrisa alikuwa ameweka mabao ya wiki, na mabao ya wiki yalikuwa yamelimaliza bando.

"Nisimulieni basi," nikasema.

Wakasimulia wote watatu kwa pamoja. Idrisa alisimulia kwa midomo, mikono na mto, bila neno hata moja linalopatikana kwenye kamusi. Rukia alisema, "Kompyuta imesema yule bastola ameiba, wakapigana tena, wale wabaya wakaanguka kwenye lava, mwisho." Mama Rukia alisubiri wamalize, akavua miwani.

"Kuna kasoro," alisema.

Kwanza, ushahidi umeletwa baada ya hukumu. Pili, umetolewa na Teletraan I, kompyuta ambayo ni mali ya Autobots wenyewe na inaishi nyumbani kwao. Shahidi wa namna hiyo, kwa uzoefu wake, hutazamwa kwa jicho la pembeni. Kwa upande mwingine, mlalamikaji alituma watu sita kuvamia nyumba ya mdaiwa wakati shauri linaendelea, na hilo peke yake linatosha kumharibia. Hukumu yake ilikuwa kwamba pambano lirudiwe, mbele ya wazee wa baraza, na silaha zote zikaguliwe mlangoni. Akauliza pia wale sita wametoka wapi, maana hakuwaona mwanzo.

Lilikuwa swali ambalo shabiki yeyote wa Transformers hulisubiri miaka yote, na mimi nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza kwamba katika sehemu hii inasemwa kuwa Decepticons waliwajenga Constructicons hapahapa duniani, mapangoni. Akaandika kichwani. Nikamweleza kwamba mwaka uliofuata, 1985, katika "The Secret of Omega Supreme", tunaambiwa walikuwapo Cybertron tangu zamani za kale, mafundi wema, marafiki wa Omega Supreme, mpaka Megatron alipowageuza akili kwa mashine. Akakunja uso. Nikamweleza kwamba mwaka 1986, katika "Five Faces of Darkness", tunaonyeshwa Constructicons wakimjenga Megatron.

"Wao wamemjenga yeye."

"Ndiyo."

"Na yeye amewajenga wao."

"Mapangoni."

"Na kabla ya hapo walikuwa marafiki wa mtu mwingine."

Alikaa kimya akipanga warithi. Mashabiki wazima wenye ajira zao wametumia miaka wakijaribu kuzipatanisha hadithi hizo tatu, wengine wanasema walijengwa upya, wengine wanasema Megatron alidanganya, na mimi binafsi nina nadharia yangu inayohitaji karatasi mbili. Mama Rukia alihitaji sekunde chache. "Mirathi hii haifunguliwi," alisema, na akaomba rimoti, maana ilikuwa saa tatu.

Mwisho wenyewe niliuona Jumatatu asubuhi, kwenye pantoni ya kwenda Magogoni, nimesimama kati ya bodaboda na mama mwenye madumu mawili ya mafuta ya nazi. Rukia alikuwa ameipakua kwenye simu yangu na kuniambia nisimpe Idrisa. Nikavaa spika za masikioni, ambazo sikio moja tu ndilo hufanya kazi, nikaanzia pale pale virago vinapofungwa. Kijana wa pikipiki akasogeza kiwiko, waya ukachomoka, na Devastator akanguruma katikati ya abiria waliokuwa bado na usingizi. Nilijitahidi kuurudisha waya. Haukurudi. Mtu akasema, "Iache, tusikilize." Mzee mmoja mwenye kofia ya vitobo akainama akauliza nani hapo ni steringi.

Nikamwonyesha. "Yule mwekundu. Amepigwa, lakini kwa hila."

"Hila ya nani?"

Basi nikajikuta nimekuwa Kaka Shabani, nimeshika simu juu, nafasiri. Sikuwa na haja ya kutia kodi ya nyumba, ingawa kishawishi kilikuwapo. Wakaona udanganyifu unafichuka. Wakaona vita vya pili, ambavyo ni vya haraka mno, kila mtu anapiga kila mtu, na Decepticons wakaishia kutumbukia kwenye lava. Autobots wanafurahi. Imekwisha.

Nitasema ninavyoona, na Juma popote alipo anisamehe: harusi ile ilitufanyia hisani. Sehemu hii ni nzuri ajabu mpaka dakika ile Autobots wanapokubali kuondoka. Tangazo la duka limejisahau kwa muda mfupi, limemwacha shujaa ashindwe na aiheshimu ahadi hata kwa mwizi. Baada ya hapo duka linakumbuka. Lava ni njia ya mkato ya mwandishi ambaye dakika zake zimekwisha. Mhariri aliyekata pale virago vinapofungwa alikuwa na jicho kali, hata kama nia yake ilikuwa kupata nafasi ya kurekodi mashangazi.

"Wamekufa wote?" akauliza mzee.

"Wameanguka wote."

"Nimekuuliza, wamekufa?"

Ikabidi nieleze. Msimu wa pili ulipoanza mwaka 1985 walikuwa wazima, hakuna aliyeungua, hakuna aliyeuliza. Wale sita wa kijani ndiyo kwanza walikuwa wanaingia madukani, na huwezi kumuua mtu ambaye bei yake bado imebandikwa mgongoni. Mama wa mafuta ya nazi akacheka. Mzee hakucheka. Alisema mtu akianguka kwenye lava huwa amekufa, na anayesema vinginevyo anataka fedha zako.

Pantoni ikagusa ukingo, lango likaanza kushuka, watu wakaanza kusukumana kabla halijafika chini. Kijana wa pikipiki alikuwa hajawasha injini. "Bro, hiyo ya pili unayo?"

"Ipo, ila bando sina."

Akatoa simu yake mfukoni. "Washa waifai," akasema. "Nakurushia."